Nakala Tatu, Radi Moja

Mdogo wangu,

Mwili umedhoofu, lakini usidhani moyo nao umelegea. Daktari amenikataza kupanda ngazi, na ndugu wananihimiza nikusamehe. Bora nipande ngazi. Naandika wazi, ukoo mzima usome.

Unaikumbuka sebule yako pale mtaani Bilele, tulipoanza mtandao wa kutunza sauti za wazee wetu? Hatukutaka kompyuta kuu moja, maana ikifa imekufa na kila kitu. Kila mwanachama angetunza sehemu kwenye mashine yake. Kila mashine tuliipa namba; kila rekodi nayo tuliipigia hesabu ikatoa namba, na mashine tatu zenye namba za karibu nayo zikapokea nakala. Namba haijui ukoo. Ndiyo maana simulizi ya marehemu Mama iliangukia, pamoja na kwingine, kwenye simu ya Mama Bahati, mchuuzi wa dagaa wa kisiwani Goziba, mzaliwa wa Mara.

Ulicheka hadi ukakohoa. "Dada, waitu, ndugu yangu, Mama yetu anuke dagaa?"

"Mashine haina pua," nikakujibu.

"Wala adabu. Cha ukoo kitunzwe na ukoo."

Mama Bahati alikuwa ameketi palepale, kikombe cha chai mkononi. Hukupunguza hata sauti.

Nilipolazwa, ukabadilisha kanuni yangu ya kugawa nakala bila kuniuliza. Nakala zote za Mama ukazihamishia kijijini Nshamba, za kwingine ukaagiza zifutwe: nyumba tatu ndani ya kibanja kimoja cha ukoo, waya mmoja wa umeme. Nilikufundisha hesabu mwenyewe, basi aibu ni yangu pia: nakala tatu mahali pamoja ni nakala moja. Radi ikapiga, mashine zote tatu zikaungua. Ukanipigia ukilia, "Dada, Mama amekufa mara ya pili." Nikakata simu.

Sasa naungama. Agizo lako la kufuta halikumfikia Mama Bahati. Kisiwani mawasiliano yalikuwa yamekatika. Baadaye akasikia habari za agizo hilo, akanipigia: "Mwalimu, bibi bado yuko kwangu anaongea. Nimfute?" Nikamwambia athubutu aone! Nikaisambaza simulizi upya kwa watu usiowajua. Kila Jumapili mimi humsikiliza Mama, nawe nikakuacha uomboleze. Nilifurahia machozi yako. Padri aliniuliza kama najuta. Nikamjibu, kidogo.

Sitaki kufa na uongo huo, lakini zawadi sikupi. Uendeshaji wa mtandao nimemkabidhi Mama Bahati, na kanuni ya mwanzo nimeirudisha. Ukimtaka Mama, panda boti uende Goziba, umwombe mwenye dagaa radhi mbele za watu, kisha umwombe sauti.

Atakupa. Nilimsihi akunyime, nikamsihi tena. Amekataa katakata, na mimi nimekasirika naye pia.

Buriani. Sikutakii mabaya; nguvu za kukutakia zimeniishia.

Dada yako