Glasi Mbili Dirishani

Jumatatu, 3 Machi

Mzigo umefika. Pampu ishirini za kuzungusha maji ya tangi la samaki, boksi jipya, picha mpya—na bei mpya! Imepanda robo nzima. Msambazaji hakuona hata haya. Anasema kiwanda kimebadilisha vitu vya ndani, sasa ni imara zaidi. Nimefungua moja. Kile kijiti cha katikati kinachobeba propela, miaka yote kilikuwa kauri nyeupe. Sasa ni chuma, kinang'aa. Sawa, chuma hakivunjiki ovyo.

Kutupa jicho ng'ambo ya barabara, wifi amebandika karatasi mlangoni pa duka lake: PAMPU ZILE ZILE, BEI ILE ILE. Amezitoa wapi? Mimi ndiye niliyemfundisha huyu! Kuosha tangi, kupima chumvi, kuweka sikio kwenye kioo na kusikia pampu inayotaka kufa. Miaka miwili alikaa kwenye kaunta yangu, kisha akaenda kukodi chumba mbele ya macho yangu.

Jumanne, 4 Machi

Wateja sita wameingia kwake kabla ya saa sita. Nimewahesabu. Kwangu kaja mama mmoja kutaka chakula cha samaki, na bwana mmoja kuuliza duka la wifi liko wapi. Nikamwelekeza upande wa benki.

Jioni mume wangu akaanza: eti dada yake anasema ule mzigo mpya... Nikamkata hapo hapo. Nyumba hii ni dada hivi, dada vile, dada ana mkono mwepesi, duka la dada linapendeza. Nikamwambia ale anyamaze. Akala, akanyamaza.

Naona wivu. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 6 Machi

Daktari wa meno kaja kwangu! Yule mwenye tangi kubwa la maji ya chumvi pale wagonjwa wanaposubiri. Anataka pampu tano, abadilishe zote. Akauliza, kwa upole tu, mbona za duka la ng'ambo ni rahisi. Nikashusha sauti. Nikasema mimi si mtu wa kusema watu, lakini zile ni bandia. Likanitoka bila kukwama. Kachukua zangu tano na kunishukuru kwa kumwambia ukweli.

Sasa kilichobaki ni ushahidi. Nimemtuma fundi cherehani wa mlango wa pili akaninunulie pampu moja kwa wifi. Nimeifungua. Kijiti cheupe, kama cha zamani. Aha, labda kimepakwa rangi! Nimetia maji ya chumvi kwenye glasi mbili, kijiti kimoja kila glasi, nimezipanga dirishani dukani. Moja nimeibandika karatasi: YANGU. Nyingine: WIFI. Rangi yake itabanduka tu, tutaona.

Jumamosi, 8 Machi

Bado. Maji safi kote kote. Wifi kanipungia mkono kutoka ng'ambo, nikajifanya nafuta kioo. Ana gauni jipya la kijani. Limempendeza, ndiyo shida.

Jumatatu, 10 Machi

Kutu!

Kwenye glasi yangu. Maji yamekuwa rangi ya chai. Glasi ya wifi ungeweza kuinywa.

Kwanza nilimvaa mume wangu: nani kabadilisha karatasi? Akanitazama kana kwamba nina homa. Nikatoa kijiti kingine ndani ya boksi, nikakikwaruza kwa kisu. Ule mng'aro ni wa juu juu, ukabanduka wote. Na daktari anazo tano majini tangu Alhamisi.

Ndipo mume wangu akasema lile ambalo sikumwacha aseme Jumanne. Dada yake alisikia mapema kwamba kiwanda kinahamia chuma, chuma chenyewe cha hovyo. Akanunua za zamani zote alizopata, na vijiti vya kauri vya akiba. Pakiti moja ya vijiti kaiweka pembeni kwa ajili yangu mimi. Alitaka nionywe kabla sijauza hata moja.

Hata wema kanizidi! Nimejifungia bafuni nikalia. Majuto yalikuwepo kidogo. Kilichonitoa machozi ni wivu.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu daktari kapiga simu. Wale kamba wake wadogo wamekufa, samaki wanahema juu juu. Afanye nini? Nimemwambia azime pampu zangu, awashe ile ya hewa, nakuja na vijiti vipya. Vijiti vyenyewe sina.

Nimevaa viatu. Nimevivua. Nimevaa tena. Nikivuka kumwomba, atataka kuja kliniki anisaidie, namjua. Na daktari akimwona tu atasema nilichosema. Uso nitauweka wapi?

Sikuvuka. Kaja mwenyewe! Mume wangu na mdomo wake. Yuko hapa mbele yangu na ile pakiti, kaleta na bisibisi. "Twende wote, wifi," anasema, "tano nyingi kwa mtu mmoja." Nimeinamia kaunta, anadhani naandika oda. Nimesema nipe dakika moja.

Simu inaita. Daktari tena. Wifi kasogea dirishani ili niongee kwa nafasi.

Sijapokea. Kainama. Kainua glasi yenye maji safi, anasoma karatasi.

"Wifi," anasema, "huyu ni mimi?"