Doa la Bluu kwenye Hoho za Mama Halima

Dada Rehema, shikamoo.

Hoho za Mama Halima, mwenyeji wangu hapa Lushoto, zina sumu ya kuulia wadudu. Amesema hivyo asubuhi hii mpimaji wa mnunuzi, akazuia matenga yote yasipakiwe. Ni mavuno yake ya msimu mzima.

Kipimo chenyewe ni kioo kilichopakwa unga mweupe. Matone ya spiriti iliyolowekwa hoho huwekwa karibu na ukingo wa chini, kioo kikasimamishwa kwenye spiriti, na kila kitu hupanda na kuacha doa mahali pake. Doa la bluu, ambalo mpimaji aliliita sumu, lilikuwepo kweli. Lakini Mama Halima akanyoosha kidole kwenye tone la spiriti tupu, lililowekwa kwa kulinganisha. Nalo lilikuwa na doa hilohilo.

"Mwanangu, na spiriti nayo nimeipiga dawa?"

Nikamuuliza kijana yule mpimaji mstari wa chini, wa kupangia matone, ameuchora kwa kitu gani. Kalamu ya wino! Wino ndio uliopanda. Mstari ule huchorwa kwa penseli, dada, hata mimi mwandishi wa habari najua.

Badala ya kuona aibu, akataka tupeleke hoho chache Dar kwenye mashine kubwa, kwa kuwa inataja hadi kiasi cha sumu. Ni kweli, kioo hakiwezi hilo. Ila majibu ya mashine ni wiki mbili, na kwa mvua hii hoho hazifiki Jumapili.

"Basi Dar wakapime uozo," akasema Mama Halima.

Nimebishana na kijana mpaka amekubali kuchora mstari upya kwa penseli. Wabusu watoto, nawe ujitunze. Kipimo kinarudiwa hapahapa kesho saa tatu, na lori la kwenda Mombo linaondoka saa tano; kioo kikiwa safi, hoho zitapakiwa.

Mdogo wako, Zuberi