Pia ya Mkono wa Kushoto

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Paa la karakana limezibwa, na paka wa jirani amezaa ndani ya sanduku langu la misumari.

Barua yako nimeisoma. Unasema nirudi nyumbani, kwani mtu aliyekatwa kidole na mashine hana lake tena kwenye ufundi wa chuma. Vidole ni viwili, shangazi, vya mkono wa kulia. Mama alikuficha kimoja.

Basi sikia. Jumamosi niliingia mashindano ya kuzungusha pia. Mkono wa kushoto hauna nguvu ya kuvuta kamba, kwa hiyo nilichonga pia ya kunifaa: pete ya chuma nikaivisha pembeni, uzito ukae ukingoni, na ncha nikaisaga ikawa nyembamba ili isitangetange. Bingwa wetu, muuza mikate, alipoiona akacheka.

"Dada, hiyo ni pia au kifuniko cha sufuria?"

"Wewe zungusha yako," nikamjibu.

Yake ilikuwa na ncha butu. Ikakimbia uwanja mzima kama mbuzi aliyekata kamba, ikaigonga yangu tena na tena. Yangu ikatikisika, ikabaki palepale katikati, mpaka yake ikayumba na kulala.

Leo asubuhi amekuja kuniomba nimtengenezee kama ile. Nimemwambia asubiri zamu yake.

Hospitalini nililia sana, sikufichi. Lakini sirudi. Kile chumba mlichonitengea, kipangisheni.

Ni mimi, binti wa kaka yako,
fundi.