Wiki Nne Ulizozipaka Siku Tano

Papa Mariamu,

Bado nakuita hivyo, kwa kuwa jina la mtoto halikurudishwa kwetu pamoja na masanduku yangu. Mwaka umepita tangu uniache hapa Gihundwe, mlangoni kwa mama yangu, na leo asubuhi nimesoma upya daftari langu la siku zile. Ulilicheka sana daftari hilo. "Karani wa nyumba," ulikuwa ukisema, "umeandika leo nimepiga chafya mara ngapi?" Chafya sikuandika. Niliandika mengine.

Unakumbuka Jumamosi zetu? Ulikuwa ukipanda kuja nyumbani kutoka Bugarama baada ya wiki nzima mashambani mwa mpunga, miguu imelowa ndani ya mabuti ya mpira, ngozi ya katikati ya vidole imekuwa nyeupe na kuchanika. Nilikuwekea beseni la maji ya moto, nikakuosha mguu mmoja mmoja, nikakufuta kwa lile taulo la bluu tulilopewa siku ya harusi. Nilipotaka kununua la pili ulikataa. "Batu babili, taulo moja. Ao unaniona mugeni?" Nilicheka. Watu wawili kwa taulo moja: niliona ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kisha mabaka ya mviringo yakanitokea mapajani, kingo zake nyekundu zenye magamba, yakiwasha hadi nikashindwa kukaa dukani nilikokuwa nikiuza. Muuguzi wa kituo cha afya alinitazama, akauliza mume wangu anafanya kazi gani, na kama miguu yake inawasha. Nilipomjibu akasema ni fangasi, si ugonjwa wa uasherati. Imetoka miguuni mwako, imepita kwenye taulo. Akanipa tyubu mbili za dawa, yangu na yako. Tupake asubuhi na jioni kwa wiki nne, hata mwasho ukiisha mapema, maana fangasi hubaki ndani ya ngozi inayoonekana safi. Kila mtu awe na taulo lake. Miguu ikauke kabisa, na soksi zivaliwe kabla ya chupi, ili chupi isipite juu ya miguu yenye fangasi. Niliandika yote, na uliporudi nikakusomea.

Ulipaka siku tano. Siku ya sita ulisema umepona, na tena ile ni pomade ya banamuke, mwanaume hapaki mafuta ya wanawake. Ukaanza kupaka krimu uliyoletewa kutoka Bukavu, ile ya wanaotaka kuwa weupe, kwa sababu ilinyamazisha mwasho kwa siku mbili. Muuguzi alikuwa amenionya juu ya krimu za namna hiyo: huzima wekundu, huku fangasi ikiendelea kutambaa. Nilikuambia. Ukajibu kwamba siku hizi nyumba ina daktari.

Mimi nilimaliza wiki zangu nne. Ngozi ikawa safi. Baada ya Jumamosi mbili za kulala na wewe na kutumia taulo lilelile, mabaka yakarudi, na hapo uliacha mzaha. "Mimi nilipona," ulisema. "Basi weye, ni nani anakuletea?"

Baba yako akatuita sebuleni kwake Kamembe, baada ya swala ya alasiri, pamoja na wajomba zako wawili. Daftari lilikuwa mkobani mwangu, juu ya magoti. Mzee aliniuliza kwa upole ugonjwa huo uko wapi mwilini na niliutoa wapi. Kwetu mke hamtajii baba mkwe mapaja yake. Sikufundishwa namna ya kulisema neno hilo mbele yake, wala kumsomea ukurasa wenye neno hilo. Nikainamisha kichwa, na wazee wakapokea ukimya wangu kama jibu.

Wewe ungeweza kusema. Mwanaume hakatazwi kutaja miguu yake mbele ya baba yake. Nilikuona, Papa Mariamu. Ulikuwa unatazama zulia, na ndani ya soksi unasugua mguu mmoja juu ya mwenzake, taratibu, ili wasisikie.

Uliponiacha kwa mama baada ya kikao kile, nilirudi kituoni, nikaanza upya wiki nne, na taulo langu mwenyewe. Tangu hapo sijawashwa hata siku moja. Ushahidi wangu ndio huu, ila umekamilika wakati kikao kimeshavunjika. Sitaki kurudi. Ninachofanya ni kumfundisha Mariamu kutaja kila sehemu ya mwili wake bila kuinamisha kichwa.

Nilisikia umeoa hukohuko Bugarama, nikaendelea na shughuli zangu. Lakini juzi, sokoni, mama wa mkeo mpya alimwambia mama yangu kwamba binti yake ana mwasho usioisha, na kwamba umeanza kumuuliza anatoka wapi.

Tyubu yako bado iko kabatini kwangu, imejaa zaidi ya nusu. Imezeeka, haifai tena. Lakini kurasa zangu hazijazeeka. Nimezinakili kwa mwandiko mkubwa, tangu siku ya beseni mpaka siku ya sebule, neno lile la mapaja nimeliandika kamili, na nimempa mama yule mkononi. Mkiitana kwenye kikao kingine, safari hii atasoma yeye.

Kausha miguu yako.

Mama Mariamu, uliyemwita karani