Makaburi Yaliyolitangulia Neno

Jumatatu, 13 Machi 2023
Darasa la kumi leo – mauaji ya kimbari. Nikawasomea maana: kukusudia kuiangamiza jamii, yote au sehemu yake. Heike Lohse, wa ukoo wa walowezi wa Kijerumani, akanyoosha mkono. Baba yake husema ile ya 1904 hapa kwetu ilikuwa vita tu, tena Waherero ndio walioanza. Hakukejeli, alitaka kujua. Nikamwambia: vita huisha adui akikimbia. Sisi Waherero tulikimbilia jangwani, Wajerumani wakalinda visima tusinywe. Wanawake, watoto, ng'ombe.

Alhamisi, 16 Machi
Baba Heike kaja shuleni. Pande la mtu, sauti ya chini. "Mwalimu, binti yangu halali. Babu yangu alikuwa mwashi, kaujenga mji huu. Unataka amwone muuaji kila akitazama ukuta?"
Nikasema sikumtaja babu yake.
"Hukumtaja, lakini yumo."
Mkuu wa shule, mpenda amani kupita kiasi, akaniomba niseme "vita" mpaka serikali yetu na ya Ujerumani zimalize mazungumzo. Nikachukua daftari zangu nikatoka. Nimejichukia kutwa nzima.

Jumatatu, 20 Machi
Shangazi Kavetu amefika kutoka Okakarara kwa ajili ya kusafisha makaburi ya watu wetu wa 1904. Nimemweleza yote. Nikaongeza kuwa neno lenyewe lilitungwa miaka ya arobaini, wetu walikwisha kufa zamani. Akacheka! "Kwani mtoto ambaye hajapewa jina si mtoto?"
Halafu akapoa. Bibi yake alikuwa mfungwa kambini hapa Swakopmund. Walilazimishwa kukwangua mafuvu ya wafu wao kwa vigae vya chupa, yapelekwe Ujerumani. Moja alilitambua kwa mwanya.
"La nani, shangazi?"
Akaomba chai.

Jumatano, 22 Machi
Nimelisema tena darasani. Mauaji ya kimbari. Chaki ikakatika mkononi. Basi.

Jumamosi, 25 Machi
Makaburini. Ukungu mzito. Vichuguu vya mchanga visivyo na majina, na ng'ambo tu ya ukuta nyumba mpya za watu. Heike kaja mwenyewe, kwa baiskeli! Akawa anapanga mawe kuzunguka kichuguu kimoja, kidogo mno – cha mtoto, nadhani.
Gari likasimama. Baba yake.
"Heike, twende nyumbani."
"Sijamaliza, baba."
Akaja mpaka ukingoni mwa mchanga. Nikajiweka tayari kwa ugomvi. Shangazi akanisukuma kando. "Karibu, baba. Ila hapa mtu haingii kimya kimya kama mwizi. Piga goti, ujitambulishe. Wewe nani, baba yako nani, babu yako nani. Waliolala hapa wanataka kumjua aliyekuja."
Nikamtafsiria. Nilidhani atatutukana. Akamtazama binti yake. Akavua kofia. Goti likashuka polepole.
Akataja jina lake. Akataja la baba yake.
Likabaki la babu yake. Midomo inacheza, sauti haitoki – wala yeye hainuki. Heike kaacha mawe, anamwangalia. Shangazi naye kasimama tu, analisubiri jina.