Nishani Upande wa Kushoto

S.L.P. 14,
Warrindi,
Australia Kusini.

12 Mei 2010

Mpendwa Rowan,

Marahaba, mwanangu, maana najua huko Kanada umeshaniamkia kabla hata hujafungua bahasha. U hali gani? Baridi imewaachia, au bado mnalala na soksi? Solveig kifua chake kimepona? Mwambie anywe vitu vya moto na aache ubishi wake wa kutoka nje nywele zikiwa mbichi.

Sisi huku miili ni mizima. Goti langu linanisumbua kwenye ngazi, lakini kwa umri wangu goti likinyamaza ndipo nishtuke. Shayiri bado hatujapanda kwa sababu mvua inatutania: mawingu yanakuja mpaka juu ya ghala, halafu yanajiendea kwa jirani. Bibi yako anakula vizuri. Macho yamezidi kupungua, sasa anaona kivuli cha mtu na rangi kali, basi. Masikio yake lakini yanatushinda wote.

Sasa nikwambie kilichonikalisha mezani. Nimejaribu kuiandika barua hii kwa upole nikashindwa, kwa hiyo nivumilie. Nina kinyaa, Rowan. Nimejaa kinyaa mpaka chai hainishuki.

Shule ilipofunguliwa walifanya ile sherehe ya bendera ya kuwakumbuka askari wetu. Unaijua: bendera inapanda hadi juu, inateremshwa nusu mlingoti, tarumbeta, kimya, kisha mtoto mmoja anasoma majina ya waliokufa vitani. La baba yako huwa la mwisho, maana Vietnam ndivyo vita vya mwisho kutuchukulia mtu hapa. Baada ya majina bibi yako humchomeka mgeni rasmi kifuani kijiti cha rozmari, lile jani letu la ukumbusho. Amefanya hivyo tangu wewe ukiwa na kaptura. Ni sherehe fupi, ya heshima, na mimi nilikuwa naipenda kweli.

Mwaka huu mgeni rasmi alikuwa Darcy Venning, muuza matrekta, ambaye siku hizi anautaka ubunge. Bango lenye uso wake lilifungwa kwenye uzio karibu na mlingoti, bendera ikawa inapepea juu ya meno yake. Hilo ningelimeza. Akahutubia watoto kuhusu kujitoa mhanga, yeye ambaye hajawahi kujitolea hata kuzima moto wa nyasi pale nyuma ya duka lake. Hilo nalo nikalimeza. Kulikuwa na kaubaridi, alikuwa amefunga koti lake mpaka shingoni, na sisi hatukuona kilichokuwa ndani.

Venning alivua koti bibi yako alipokuwa tayari anapelekwa mbele na mwalimu. Kifuani kwake, upande wa kushoto, zilikuwa nishani mbili kwenye kitambaa cha kijani. Rowan, zilikuwa za baba yako. Zile ulizoiachia shule izitunze kwenye kabati la vioo ulipohama. Kitambaa kile bibi yako alikikata mwenyewe kwenye koti la shule la baba yako, Lindsay, akazishonea juu yake baada ya kuletewa.

Na kushoto! Mtoto wa darasa la pili hapa Warrindi anajua kwamba kushoto ni kwa aliyezipata mwenyewe, na sisi tuliobaki tunazivaa kulia. Mimi nimezivaa kulia miaka yote mpaka ulipoipa shule. Wewe ulizivaa kulia ukiwa na miaka sita, zikakuvuta shati. Ukiona nishani kushoto ujue mwenyewe yuko hai mbele yako. Huyu bwana alizibandika pale zitakapoonekana vizuri kwenye picha.

Sid Polkinghorne, aliyekuwa Vietnam na baba yako, alikuwa amekaa kando yangu. Akaninong'oneza, "Za vita gani hizo? Vya foleni ya bia?" Nikaanza kuinuka, ila goti hili, na watu mbele yangu, na viti vya watoto. Sikuwahi.

Bibi yako alipapasa kifua cha yule mtu akitafuta pa kuchomeka rozmari. Mkono ukagusa nishani. Ukagusa kitambaa. Nikamwona anafuata ule mshono wake kwa kidole, taratibu, mpaka mwisho. Kisha akapapasa tena kujua ni upande gani. Rozmari ikaanguka.

"Lindsay?" akasema. "Mbona umekawia hivi, mwanangu?"

Kipaza sauti kilikuwa pale pale. Uwanja mzima ulisikia. Mtu yeyote mwenye chembe ya haya angesema, hapana mama, mimi ni Darcy, samahani sana. Yule bwana alitazama kwanza mpiga picha yuko wapi. Halafu akamkumbatia.

"Nipo, Mama. Nimerudi."

Wakapiga makofi. Rowan, walipiga makofi! Mwalimu mkuu, Bwana Hocking, akawa anafuta machozi, wazazi wameinua simu zao juu, na mama yangu yuko mikononi mwa muuza matrekta analia kwa furaha.  

Kwenye chai nilimfuata. Alikuwa anatafuna biskuti, nishani bado zinaning'inia. Akaniambia kwa ile sauti yake ya kuuzia matrekta, "Dada Avis, nimempa mama wa watu dakika moja ya furaha. Ubaya uko wapi?" Nikamjibu kwamba yeye kachukua dakika yake anaondoka nayo, na kinachofuata ataniachia mimi nyumbani. Hakuelewa. Hocking akaingilia, eti watoto wameguswa, eti nishani kwenye kifua zinafundisha kuliko nishani kwenye kabati. Ndiye aliyezitoa. Wala hakufikiria kuniuliza.

Sid akaja na kikombe chake, yeye na nishani zake mwenyewe upande wa kushoto, zilipostahili. Hakupandisha sauti. Akasema, "Vua, Darcy. Usipovua nitakuvua mimi, na nitaanzia kwenye suruali." Venning akacheka kidogo, akatazama akaona hakuna anayecheka naye, akavua. Hocking akazitumbukiza mfukoni kama funguo za gari.

Sasa zimerudi kabatini. Nimezidai, naambiwa aliyeziacha pale ni wewe, kwa hiyo wewe tu ndiwe wa kusema zitoke. Tafadhali waandikie wanipe. Shule ile haistahili kushika hata kifungo cha shati la kaka yangu.

Lakini nishani ni chuma. Kinachoniuma ni bibi yako. Alirudi nyumbani siku ile anaimba. Akaniambia nitandike kitanda cha chumba cha nyuma na nioke pai za nyama, moja bila karoti kwa sababu Lindsay hali karoti. Nilimwambia, Mama, yule ni Darcy Venning. Akanicheka, akasema mimi tangu utotoni namwonea wivu kaka yangu. Kidole chake kingemdanganyaje, kitambaa alichokishona mwenyewe? Na zilikuwa kushoto, Avis, akasema. Zilikuwa kushoto.  Alichokisema ndicho tulichofundishwa sote, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Akakaa anangoja. Kila gari likipita barabarani anajitengeneza nywele. Nikawa naondoa ile pai mezani imepoa, kesho ananiambia nioke nyingine. Majirani wakaanza kuja na maua, wengine wakamwambia hongera kwa ile picha nzuri gazetini, na mimi nikawa natamani kuwafungia mlango usoni.

Jumamosi hakutaka kula. Akaniuliza kwa sauti ndogo amemkosea nini Lindsay. "Shuleni amekuja, mbele ya watu wote. Kwa mama yake hataki. Nilimfanya nini, Avis?"

Hapo nilimshika mikono nikamwambia yote tena tangu mwanzo. Vietnam, lile bomu la ardhini, kaburi. Mwaka ule habari ililetwa na mchungaji mwenye telegramu, mimi nikajificha nyuma ya mlango wa jikoni. Safari hii mchungaji nilikuwa mimi. Alilia vile vile, Rowan, sauti ile ile, na mimi nilidhani kilio kile nimeshakizika. Alipomaliza akaanza kuona aibu. Anasema amemkumbatia mwanamume mgeni mbele ya watoto wa shule, watamwonaje. Hataki tena kwenda kanisani. Nilimwambia aibu hiyo ina mwenyewe na si yeye, ila sidhani kama ilimwingia.

Venning ameleta kadi ya pole, ina picha yake juu. Nimeitia jikoni, ikashika moto vizuri.

Nisalimie Solveig sana, na wasichana wako, Ingrid na Tamsin, waambie shangazi wa baba yao amewafumia kofia, zitafika. Sid anakusalimu. Anasema ukija mtakwenda wote kuvua samaki gatini, naye hatakusimulia habari za vita.

Kisha nakuomba jambo moja, na linaniuma kukuomba. Usipige simu kwa sasa. Andika, jina lako liwe mwanzo kabisa, nitamsomea. Sauti yako ni ya baba yako mtupu, hata mimi hunishtua. Jumapili ulipopiga nikakwambia bibi kalala, hakuwa amelala. Alikuwa amekaa kando yangu, amekusikia, na mkono ameunyoosha apewe simu.

Mungu awafunike huko mliko, na atulinde sisi na watu wenye uso mkavu.

Wako akupendaye daima,

Shangazi Avis