Pole ya Kifo Yangu

Tchomia, tarehe 9 Machi 2025

Kwa wifi Madeleine, ku Bigo, Bunia,

Salamu mingi. Unaendelea namna gani? Mugongo imepona? Watu wa nyumba wote wazima? Kama unauliza habari yangu, niko muzima, na ndiyo shida yenyewe, juu nasikia weye unasemaka nilikufa.

Jana asubui nilikuwa nageuza samaki juu ya moto, nikasikia kilio ku barabara. Nikasema, nani tena amekufa hapa Tchomia? Nikatoka na mikono ya mafuta. Kumbe ni kaka yangu Josaphat, ametoka Djugu na wanawake wa kwetu, vichwa imefungwa vitambaa, wanalia jina yangu! Mama mukubwa Aimée akaniona, akaanguka chini puu. Josaphat akarudi nyuma kama ameona shetani. Wazee hawakukubali nipite mulango ya nyumba yangu mupaka wanimwangie maji ya majani, juu mutu mwenye kuliliwa muzima anabeba bahati mubaya. Bwana yangu Dany alirudi kutoka ku ziwa akanikuta inje, nimelowa kama kuku, watu wote wanaangalia.

Josaphat anasema muchuuzi mumoya alisikia ku kanisa yenu pasta anatangaza: marehemu Léonie, bibi ya marehemu Honoré, mama ya Glodie. Na weye ulikuwa umesimama mbele, kitambaa ku macho!

Wifi, nilikukosea nini? Kaka yako Honoré alipokufa, mulikuja kukamata mutoto yangu, mukasema mutoto ni wa ukoo ya baba. Nikanyamaza. Sasa munataka mupaka pumzi yangu? Unijibu haraka. Naandika ku karatasi juu ulinibloke ku telefone. Lambert, chauffeur wa gari ya samaki, ndiye anakuletea hii.

Ni miye,
Mama Glodie, muzima


Bunia, Bigo, tarehe 14 Machi 2025

Léonie,

Huku siye wote wazima, Mungu anatuchunga. Mugongo inauma kama kawaida. Barua yako ilifika na harufu ya samaki, nikaisomea inje.

Kulalamika ni kazi yako tangu Honoré alikuoa. Sikia sasa, kiisha unyamaze. Glodie alimaliza sekondari na pointi ya kupita wote ku shule yake. Kuko fondation moya inatumaka watoto kusoma udaktari Senegal, ku Dakar. Ndege, chumba, chakula, masomo, yote ni wao. Lakini wanatafuta yatima wa baba na wa mama. Yatima wa upande moya hawamutaki. Ningefanya nini? Niseme mama yake iko Tchomia anauzisha samaki ya moshi, dossier, karatasi yake yote, itupwe?

Walitaka pasta ashuhudie. Pasta wetu ni mupya, hakukujuaka weye, na ni mutu wa kutangaza kila kitu ku mimbari, hata mbuzi ikipotea. Niliomba signature yake tu, yeye akafanya sala ya marehemu mbele ya kanisa nzima. Ningemukatiza? Ilibidi nilie. Hiyo ya muchuuzi wa Djugu sikuiwaza, basi.

Na usijidanganye kama mutoto hajue. Glodie mwenyewe ndiye aliandika habari ya kifo yako. Kila mutoto aliombwa kueleza maisha yake. Akaandika vile mulikimbia vita mwaka wa 2018, mukapanda mutumbwi kuvuka ziwa kwenda Uganda, na mama yake akaanguka mu maji, hakuonekana tena. Wanasema mama mumoya wa fondation aliisoma akalia.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Malaria ya Glodie nilikesha nayo miye. Weye ulikwenda kuolewa na muvuvi. Ukae kimya, mutoto apande juu. Ni kwa siku kidogo tu.

Shangazi ya Glodie, mulezi yake


Tchomia, tarehe 20 Machi 2025

Madeleine,

Salamu. Ya mugongo yako leo siulize, Mungu anisamehe.

Ndiyo, niliolewa na muvuvi. Ulitaka nikae mujane mu nyumba gani? Kaka zako walinitoa mu nyumba ya Honoré hata majani haijaota ku kaburi yake. Dany alinipokea na hakuniuliza kitu. Usiguse jina ya Dany.

Sasa tuseme ya ziwa. Ile siku mu mutumbwi, nani alikuwa anaanguka? Ni yeye! Mawimbi inapiga, watu wanaita Mungu, mutoto anatapika, amelala na kifua inje ya mutumbwi. Nilimukamata nguo ku mugongo mupaka tukaona udongo ya Uganda, vidole yangu ikakataa kufunguka. Glodie anajua. Alinipulizia ile vidole na kinywa yake. Na sasa ni miye nilizama? Madeleine, umuambie mutoto wako nimesikia. Uchungu ya mutoto anajuaka muzazi, lakini hii uchungu sikuwa naijua bado.

Sikia vizuri. Niko na carte ya kuchagua, ile ya kura, iko na sura yangu na jina yangu. Nitapanda gari ya Lambert, nitaingia ku bureau ya ile fondation, nitasema: bonjour, ni miye marehemu. Tuone kama yule mama atalia tena.

Nitaacha kwa kitu kimoya tu. Glodie akuje huku, akae mbele yangu, aniambie na kinywa yake: mama, nataka ukufe ili nisome. Akisema, nitakufa. Barua zako sizitaki. Nataka mutoto.

Mama Glodie


Bunia, tarehe 6 Aprili 2025

Léonie,

Unaamkaje? Lambert alichelewa juu barabara ilifungwa, walisikia masasi upande ya huko. Natumaini hamukukimbia.

Glodie hatakuja. Unataka mutoto apite mu bunduki juu ya hasira yako? Na akionekana huko sokoni ameanguka ku shingo yako, dossier imekufa siku ile ile. Tchomia munajuaka kunyamaza? Hamujuaka.

Nilimusomea barua yako. Alisikiliza yote. Kiisha akachukua karai akaenda kufua nguo.

Unasema utaingia ku bureau yao na carte yako. Ingia! Mutoto atarudi akae pembeni yako ku soko, muharibike macho na moshi pamoja, na jioni mukumbatiane. Ndiyo upendo yako? Miye sina mutoto wa tumbo yangu, unajua, na mulinichekea juu ya ile, weye wa kwanza. Huyu mumoya Mungu alinipa, nitamufikisha. Hata ukinichukia mupaka mbinguni.

Kitu ingine. Wanatuma mutu wao, Monsieur Serge, apite Tchomia, pale mulipandia mutumbwi, aulize watu kama ni kweli. Siku sijue. Ondoka hapo, enda Djugu kwa Josaphat ukae kidogo. Na wale wanawake wenzako wa soko uwafunge midomo. Sikuombe, nakuambia.

Shangazi Madeleine


Tchomia, tarehe 18 Mei 2025

Madeleine,

Habari ya huko. Yangu utaisoma hapa chini.

Serge wako alifika. Djugu sikwenda. Nilibaki makusudi, kila siku carte mu mufuko ya kikwembe niliyovaa, namungojea. Nilikuwa nataka kuwaangusha wote wawili, weye na mutoto. Nakuambia ukweli, sikuwa na huruma hata ya kijiko moya.

Ni kijana mwenye heshima, viatu imejaa matope, anasalimia kila meza. Akafika ku yangu: "Mama, munamujua marehemu Léonie, bibi ya Honoré?" Rébecca, jirani yangu hapa sokoni, huyu hajuaka kufunga kinywa hata akilala, akaanza: "Léonie? Si ni..." Nikamukanyaga muguu mupaka akalia. Nikasema: "Ni dada yangu mukubwa. Miye ni mudogo yake." Ile neno sijue ilitoka wapi. Mukono iko mu mufuko, imekamata carte, na kinywa inasema mambo ingine.

Akauliza kaburi. Nikasema mutu wa maji hana kaburi, ziwa haikumurudisha. Akaandika. Nikafikiri imeisha. Kumbe akauliza tena, pole pole: "Alikuwa mutu wa namna gani?"

Yoo, Madeleine! Nani mwingine aliulizwaka vile? Samaki inaungua, hakuna mutu anageuza. Nikasema: alikuwa na mudomo kali, aligombana na kila mutu, mboga yake ya sombe ilikuwa na chumvi mingi. Lakini alipenda mutoto yake kupita roho yake. Nikalia. Sikuigiza, nililia kweli. Yule kijana akavua kofia akanipa pole ya kifo yangu, na miye nikasema aksanti.

Sikuifanya juu yako, basi usinishukuru. Ukinishukuru nitakuja kukupiga huko huko Bigo. Dany tangu ile siku ananiuliza tu kama alioa mutu ao alioa muzimu. Umuambie Glodie asome. Asome vizuri, juu ameuza kitu ya bei kali.

Léonie


Bunia, tarehe 24 Agosti 2025

Wifi,

Pokea salamu ya nyumba yote. Hali yako namna gani, na ya Dany? Miezi imepita, nilikuwa nangojea nikuandikie kitu ya hakika.

Dossier ilipita. Glodie anaondoka siku ya tatu Septemba, Jumatano, na ndege ya Kinshasa, kiisha Dakar. Serge atakuwa ku uwanja ya ndege kupiga familia picha. Aliniuliza yeye mwenyewe: "Yule mama mudogo wa Tchomia, aliyelia sana, atakuja?" Ukikosa, atashangaa. Basi kuja.

Tumeshona kikwembe moya kwa familia nzima, yako iko. Utasimama nyuma na wanawake wa ukoo, miye mbele na mutoto. Usiende kumulilia kama mama. Mama mudogo analia kidogo, anapangusa, anaacha. Usimukamate ku shingo. Usilete samaki, atasafiri na harufu mu nguo. Na usiseme na Serge mingi, juu mudomo yako naijua.

Usifikiri nimekuogopa. Ulifanya ile ilikuwa kazi yako. Lakini Glodie hizi siku hata chakula anarudisha bila kugusa. Kuja umuage.

Shangazi ya Glodie


Tchomia, tarehe 7 Septemba 2025

Madeleine,

Nilifika salama, barabara ilikuwa nzuri. Natumaini na mutoto alifika, na weye mugongo inakuachia.

Nakuandikia juu kuna kitu haukukiona ku uwanja ya ndege. Weye ulikuwa kule mbali, unagombana na wale watu wa mizigo juu ya valizi. Serge hakukuwa amefika bado. Lambert alikuwa ameniacha ku kona nikatembea mwenyewe, kikwembe yenu ku mwili. Glodie alikuwa amesimama peke yake pembeni ya ukuta. Amekuwa murefu, wifi! Amenipita. Shingo ni ya Honoré kabisa.

Nilikuwa nimekuja na neno moya. Njia yote nilikuwa naisema polepole mupaka Lambert akaniuliza kama nasali. Nilikuwa nataka kumukamata kichwa, nimuambie ku sikio: mutoto yangu, nimekusamehe, enda mwepesi. Ni ile tu. Kiisha ningekwenda nyuma na wanawake wa ukoo, nikae kimya kama ulivyotaka.

Akaniona. Akaangalia huku, akaangalia huku. Mutu hakuna. Akanyosha mukono, akasema: "Bonjour, mama mudogo."

Hakukuwa mutu wa kusikia, Madeleine! Ni siye wawili na ukuta. Nikangojea. Nikafikiri sasa atacheka, sasa ataniangukia. Hakucheka. Akaniuliza habari ya safari. Akaniuliza habari ya soko, habari ya bwana, na Kifaransa yake nzuri, kama vile munafundisha watoto kusalimia wageni. Nikamuangalia ndani ya macho kumutafuta. Alikuwa anaangalia kikwembe yangu, ku bega, pale fundi wenu alishona mubaya.

Uliandika ni kwa siku kidogo tu. Sikatae bado kama pengine ni woga, kama pengine alifunga roho ili aweze kupanda ile ndege. Nasemaka vile nikilala. Lakini nilimupelekea musamaha na hakukuwa mutu wa kuipokea, juu mama yake alikufa, na huyu mwanamuke mbele yake hajamukosea kitu. Hii ni kazi yako na yake na yangu. Sehemu yangu naijua. Yako ubaki nayo.

Ku ile picha ya Serge utaniona nyuma kabisa. Sikulia kama mama. Nilipangusa, nikaacha. Usiniandikie tena, na Lambert nimemukataza kubeba.

Siku Glodie akikuuliza kama nilikasirika, umuambie hapana. Nilimukamata ule mukono yake, nikamujibu vizuri. Nikasema: "Aya, mutoto ya dada yangu. Enda vizuri."

Mama mudogo ya Glodie